Saa Iliyosimama Kila Alhamisi

Klara wa marehemu Paulo hakuwahi kununua maziwa bila kuyanusa, na hakuyanusa mara moja. Alinusa, akamtazama muuzaji usoni, akanusa tena. Pale Kisaluni, kijiji kilichokaa juu ya miinuko ya Iramba, mtoto akitumwa kwake na ujumbe alijua ataulizwa ametumwa na nani, kisha ataulizwa kwa nini huyo mtu hakuja mwenyewe, na jioni Klara atapita kwa huyo mtu kuhakikisha kwamba kweli alituma. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Aliwahi kuuziwa asali ya Rungwa, akafika nayo nyumbani akakuta ni sukari guru iliyoyeyushwa, na tangu siku hiyo alisema muuzaji hupaka asali ulimi wake kwanza ndipo apake kopo.

Kitu kimoja tu alikiamini bila kukinusa, nacho ni saa ya kanisa.

Saa hiyo ilikaa kando ya mlango, pale kamba ya kengele inaposhuka. Ilikuwa ndefu kuliko mtu, sanduku la mbao nyeusi lenye kioo mbele, uso mweupe juu na mshale mwembamba wa sekunde. Ililetwa na mmishenari mmoja wa zamani ambaye kazi yake, ukiacha kuhubiri, ilikuwa kupima mvua na kutazama nyota. Alipoondoka aliiacha, pamoja na Paulo aliyekuwa amemfundisha kuitunza. Haikulia, haikupiga hodi kila saa kama saa za matajiri. Paulo alikuwa akisema, "Saa yenye kelele inamaliza nguvu zake kwenye kelele. Hii imepewa kazi moja tu." Paulo alipofariki, wazee wa usharika walimwachia Klara ufunguo wa saa kwa muda, mpaka apatikane mtu. Mtu hakupatikana, muda ukapita, na ufunguo ukabaki kwenye kamba shingoni mwa Klara. Mumewe hakumwachia ng'ombe wala shamba la bondeni. Alimwachia jina la mtunza saa, na kwa jina hilo alisalimiwa hata na watu wa Ikungi waliokuja harusini.

Vijana wa kipaimara walikuwa wakimzunguka kumwuliza ile saa inajuaje. Naye, kwa kuwa hakuna aliyejua pale ila yeye, aliwaeleza bila haraka. Ndani ya kioo kuna fimbo ya mbao, chini yake sahani nzito ya shaba. Hiyo inaitwa pendulamu. Inakwenda sekunde moja, inarudi sekunde moja. Usidhani mwendo wake unatokana na kusukumwa kwa nguvu, la, unatokana na urefu wa fimbo. Fimbo fupi ina haraka, fimbo ndefu ina uvivu. Kwa nini ya mbao? Kwa sababu chuma kikipata joto kinarefuka, na Iramba mchana ni jua la kupasua mtama, alfajiri ni baridi ya kutoa machozi, saa ingekuwa inakimbia asubuhi na kusinzia mchana. Na ilipotoka pwani ikapandishwa huku juu, ilianza kuchelewa. Mmishenari alisema ardhi ya huku juu inavuta kidogo kuliko ya kule chini. Klara hakuliamini neno hilo, alidhani mzungu anaficha kwamba kaigonga njiani. Lakini Paulo alikaza nati iliyo chini ya sahani, sahani ikapanda unene wa ukucha, na saa ikaacha kuchelewa. Hapo akaamini, tena nusu.

"Na betri iko wapi, bibi?"

"Betri ni lile jiwe la shaba linaloning'inia kwenye waya. Jumapili nalipandisha kwa ufunguo mpaka juu. Wiki nzima linashuka kama mzee anayeshuka mlima, na kila likishuka linaipa pendulamu kijisukumo kidogo, isichoke. Mkimaliza kuuliza, mkanawe mikono, hakuna anayegusa kioo changu."

Kila Jumamosi alibeba redio yake ndogo mpaka kanisani, akasikiliza milio ya kabla ya taarifa ya habari, macho kwenye mshale. Tofauti ilikuwa ya kupepesa jicho. Mzee Marko, mzee wa kanisa aliyekuwa mtani wake tangu ujana, hakuacha kumchokoza.

"Mama Elisha, mbona unajitesa? Simu yangu ina saa."

"Simu yako inasema inachoambiwa na mnara. Na mnara baba yake nani?"

Basi, mambo yalianza baada ya mvua. Mwaka ule zilinyesha nzito, na zilipokatika mchwa walitoka kama waliotangaziwa. Walipanda ukuta wa kanisa kwa vijia vyao vya udongo, na asubuhi moja Klara akakuta kijia kimekaribia mgongo wa saa. Akafanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa Iramba angelifanya kwa kihenge chake cha mtama. Alimwita Calist, fundi seremala, wakafungua skrubu mbili ndefu zilizoishika saa ukutani, wakaivuta mbele kiasi cha mkono kupita, wakaiinua juu ya mawe manne, na kuizungushia majivu. Mawe aliyachagua mwenyewe mtoni.

"Sasa mchwa akitaka kupanda, apandie hewani," alisema, na Calist akacheka, na akina mama wakasema kweli Mama Elisha ana akili. Saa ikaanza tena, tik, tak, kana kwamba haikuguswa.

Alhamisi iliyofuata, jioni, alikuta imesimama.

Aliitazama kama mtu anayemtazama mwanawe aliyerudi amelewa. Akafungua kioo, akaisukuma sahani kwa kidole, ikaendelea. Akasema labda ni vumbi. Alhamisi ya pili ikasimama tena. Jumatatu ilikuwa nzima, Jumanne nzima, Jumatano nzima, Alhamisi jioni imekufa. Na ukiiamsha jioni hiyo, iliendelea kwa kusitasita mpaka Ijumaa, kisha ikapona kabisa. Ugonjwa gani huo unaojua kalenda?

Klara hakuwa mtu wa kuuliza swali mara mbili bila kupata wa kumwuliza. Alhamisi kanisani kuna nini? Kwaya ni Jumatano. Umoja wa wanawake ni Ijumaa. Alhamisi mchana kuna mtu mmoja tu, naye ni Janeth, anayefagia.

Janeth aliolewa pale akitoka Mkiwa, kule njia panda. Mumewe alikuwa porini Rungwa na mizinga yake ya nyuki, anarudi msimu hadi msimu. Janeth mwenyewe alikuwa mchapakazi, mdomo mwepesi, hana haya ya kucheka mbele ya wakubwa. Klara alikuwa na falsafa yake juu ya watu wa Mkiwa. "Wamelelewa kando ya barabara," alisema. "Kila kinachopita wanakitazama kama kina mlango wa kupandia." Na alikumbuka mambo mawili. La kwanza, Janeth aliwahi kusema saa ile kubwa ingetolewa, iwekwe ya betri yenye picha ya maua. La pili, zito zaidi, mwinjilisti Nathan aliwahi kutamka mbele ya watu kwamba siku Mama Elisha akichoka, ufunguo anaweza kupewa Janeth, maana yuko humo humo kila wiki. Janeth hakukataa. Alitabasamu. Klara aliliweka lile tabasamu kichwani kama mtu anavyoweka mbegu juu ya moshi.

Walikutana mashineni, kwenye foleni ya kusaga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jana ulifagia?"

"Nilifagia. Kwani nimeacha uchafu?"

"Uchafu hukuacha. Kuna kitu umekisimamisha."

Janeth akatua ndoo yake ya mtama. "Mama, mimi nikiwa na neno nalitoa. Wewe una neno?"

"Saa imesimama. Alhamisi ya tatu."

"Sasa mimi ndiye betri yake?"

Foleni nzima ikacheka, mpaka mwenye mashine akapunguza moto asikose maneno. Klara hakucheka. Alichukua unga wake akaondoka, na njiani kote alijiuliza kwa nini mtu asiye na hatia awe na jibu tayari mdomoni.

Alhamisi iliyofuata aliweka mtego. Asubuhi alifunga uzi mweusi wa kushonea kwenye mlango wa kioo, mwembamba usioonekana ila na aliyeufunga. Akayasawazisha majivu kuzunguka yale mawe, laini kama unga. Jioni alirudi. Saa imesimama. Uzi ulikuwa mzima. Kwenye majivu palikuwa na nyayo za mjusi peke yake.

Mtu mwingine angesema, basi, Janeth hakugusa. Klara ndipo aliposhuku zaidi. Mwizi wa kawaida hukata uzi. Huyu aliyeuona uzi akauruka si wa kawaida. Au hahitaji kugusa. Wazo hilo la pili hakulisema kwa sauti, ila alilifikiri, na wazo la namna hiyo likishafikiriwa hujua lenyewe njia ya kutoka nje.

Ijumaa mwinjilisti Nathan akaja nyumbani kwake. Alikuwa kijana mpole, anayekaa kwenye ncha ya kigoda kama atakayefukuzwa.

"Mama, saa inasimama."

"Nina macho."

"Wiki iliyopita kengele ya maombi ilichelewa, na watu wa zahanati wanalalamika, wao wanabadilishana zamu kwa kengele yetu. Jumamosi ya wiki ijayo wazee wanakaa. Wapo wanaosema umri... wanasema labda ufunguo urudi ofisini, tununue ya betri."

Ufunguo! Klara alihisi kamba ya shingoni imekuwa nzito. Mtu akiuchukua ule ufunguo, Paulo atakuwa amekufa mara ya pili, na yeye atakuwa bibi kama mabibi wengine, wa kuulizwa habari za magoti yake.

"Saa haina ugonjwa wa umri," alisema. "Ina ugonjwa wa Alhamisi. Humo ndani Alhamisi kuna nani?"

"Unamtaja mtu, mama?"

"Simtaji. Namwuliza mwinjilisti wangu."

"Kama kuna jina litoe. Nitawaambia nini wazee, kwamba siku ndiyo yenye makosa?"

Klara akaushika ufunguo shingoni. Kisha akalitoa. "Janeth."

Jina hilo lilifika kisimani kabla Nathan hajafika kwake. Jumapili, kwenye msiba wa jirani, kata ya togwa ilizunguka mkono kwa mkono, ikamfikia Janeth, akanywa, na mwanamke aliyefuata akasema hana kiu. Na wa tatu hana kiu. Jua lilikuwa la utosi, na watu hawana kiu. Klara aliona. Alijiambia kwamba mwenye haki hatetemeki. Lakini Janeth hakutetemeka. Aliiweka kata chini, akaenda kuosha vyombo peke yake, mgongo umenyooka.

Ikabaki Alhamisi moja kabla ya kikao. Klara akaamua kumkamata kwa macho yake mwenyewe.

Mapema mchana aliingia kanisani, akajifungia kwenye kile chumba kidogo ambamo mchungaji huvalia kanzu yake, akauacha mlango wazi kwa upana wa vidole viwili. Kutoka pale aliiona saa yote. Alikaa juu ya debe la mafuta ya alizeti, akasubiri. Tik, tak. Ilikuwa nzima kabisa.

Janeth alikuja na ndoo na ufagio. Alinyunyiza maji sakafuni, akafagia kutoka madhabahuni kuelekea mlangoni, akiimba wimbo wa kwaya kwa puani. Alipoifikia saa akaacha kuimba. Klara akaacha kupumua. Janeth akasimama mbele ya kioo, akainua mkono, na Klara akakaza kidole chake kwenye mlango, tayari kwa ule wakati wa kutoka na kusema nimekuona. Mkono ule ukaishia hewani. Janeth akaurudisha, akaufuta kwenye kanga kana kwamba umechafuka.

"Wewe saa," alisema, "nimekukosea nini? Keshokutwa wananikalia kikao kwa ajili yako. Leo usinitie aibu. Leo tu."

Akamaliza kufagia, akatoka.

Labda anajua nipo humu, Klara aliwaza. Labda alisema ili nisikie. Akatoka chumbani, akaikaribia saa kwa hatua za paka. Alichungulia chini kati ya mawe kama hapakuwekwa hirizi, unywele, kitambaa. Hakuna. Akapandisha macho kwenye kioo, na hapo akaona kitu ambacho hakupata kukiona tangu aipokee saa ile.

Jiwe la shaba lilikuwa linacheza.

Jiwe halina kazi ya kucheza. Kazi yake ni kushuka, kimya. Lakini sasa, likiwa limeshuka mpaka usawa wa sahani ya pendulamu, lilikuwa linayumba kwenye waya wake, kwenda na kurudi, na kila lilivyozidi kuyumba sahani nayo ilizidi kupungukiwa hatua. Ilikuwa kama mmoja anamnyonya mwenzake. Hakuna upepo. Hakuna mtu.

Alikuwa karibu kukimbia kumwita mwinjilisti aje na sala. Kilichomzuia ni kumbukumbu iliyokuja yenyewe. Akajiona msichana, uani kwa mama yake, vibuyu viwili vya maziwa vimening'inizwa kwenye mti mmoja uliolazwa juu ya panda mbili. Vilikuwa na kamba za urefu mmoja. Mama anasukasuka kibuyu kimoja, na kile cha pili, kisichoguswa na mtu, kinaanza kutikisika polepole, mpaka kinasukasuka kama kina mkono wake. Yeye alipiga kelele, jini! Mama akamcheka. "Jini gani, mti ndio unaopeleka habari. Mti umelegea. Chimbia panda, uone." Panda zikachimbiwa, na kibuyu cha pili kikatulia.

Klara akaweka kiganja kwenye ubavu wa sanduku. Lilikuwa linapumua. Kidogo sana, chini ya kuonekana, lakini kwenye kiganja alilisikia, linakwenda na pendulamu na kurudi nayo. Akainama akagusa mawe. Jiwe la nyuma, upande wa kulia, lilicheza chini ya kidole chake kama jino la mtoto.

Bado hakuamini. Huyo ndiye Klara. Alifungua kioo, akalishika jiwe la shaba kwa vidole, likatulia, na pendulamu ikapata tena hatua zake. Akaliachia. Akangoja. Likaanza tena kuyumba, taratibu, taratibu. Akatwaa kitabu cha nyimbo, akakishindilia kati ya mgongo wa saa na ukuta, kisha akaliegemea sanduku kwa bega lake zima. Jiwe likapunguza, likapunguza, likanyamaza. Akaondoa kitabu na bega. Likaanza.

Ukutani, pale saa ilipokuwa zamani, matundu mawili ya skrubu yalimtazama kama macho. Paulo alikuwa amezikaza skrubu zile mpaka mikono ikaota malengelenge, na yeye alimcheka kwamba saa haina miguu ya kutoroka. Kumbe ukuta ulikuwa ukiishikilia ili mwendo wa pendulamu usivuje kwenda kwenye mbao, na kutoka kwenye mbao kwenda kwenye jiwe. Jiwe likiwa juu halisikii. Likiwa chini halisikii. Alhamisi linapofika usawa wa sahani, waya wake unakuwa na urefu wa kuitikia, na linaitikia. Basi.

Mbele ya macho yake, pendulamu ilipungua, ikasita, ikasimama. Kanisa likawa kimya.

Na katika kimya hicho shetani akamjia, maana shetani naye huingia kanisani Alhamisi. Akamwambia, kwani lazima useme? Jumatano jioni pandisha jiwe kwa ufunguo mpaka juu. Halitafika mahali pale kabla hujalipandisha tena Jumapili. Saa haitasimama tena, ufunguo utabaki, na watu watasema, mnaona, Janeth alipotajwa aliacha. Hakuna atakayejua kuhusu mawe yako.

Klara alisimama na wazo hilo kwa kitambo. Lilikuwa zuri, halina tundu. Na kwa sababu halikuwa na tundu akalishuku, kama alivyoshuku kila kilichomjia kikiwa laini. Akalinusa mara ya pili, na harufu yake ilikuwa ya ile kata ya togwa iliyowekwa chini. Hakuiamsha saa. Aliiacha imesimama vile vile, akaenda kumtafuta Calist.

Jumamosi wazee wanne walikaa kwenye mabenchi ya mbele, na Nathan mbele yao. Klara hakungoja kuulizwa.

"Saa ilisimamishwa na mimi," alisema.

Marko akakohoa. "Kwa mkono au kwa maneno?"

"Kwa mawe. Niliitoa ukutani nikaiweka kama kihenge. Kihenge kikiyumba mtama haujali. Saa inajali. Jana Calist ameirudisha ukutani kwa skrubu mpya, na mchwa tumewapaka dawa, wakitaka kula wale ukuta. Janeth hakugusa kitu. Nilijificha mle chumbani nikamwona kwa macho yangu."

"Ulijificha?" Nathan aliuliza.

"Nilijificha. Nimekalia debe lako la alizeti, kifuniko kimebonyea, nacho nitalipa."

Marko akaangua kicheko, akapiga goti. "Kumbe tulikuwa tunatafuta mchawi, kumbe ni mchwa! Mwacheni na ufunguo wake. Mwingine angekaa kimya hadi saa ifike mbinguni."

Wakakubaliana, ufunguo ukabaki. Klara alitoka pale na kamba shingoni, na alipaswa kufurahi. Lakini alikuwa bado na njia moja ya kutembea, nayo haikuwa ya kwenda kwake.

Alimkuta Janeth uani anapepeta alizeti. Makapi yaliruka na upepo, na Klara alisimama upande yanakoangukia, hakusogea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kukuomba radhi. Niliyafanya mimi, nikakutwika wewe."

"Nimesikia. Kisaluni habari hazivai viatu."

"Basi rudi ufagie."

"Sirudi." Janeth aliupiga ungo, makapi yakaruka tena. "Mama, jina langu ulilitoa mchana kweupe likafika kisimani. Umenisafisha mbele ya wazee wanne. Walionikatalia kata ya togwa walikuwepo kwenye kikao?"

Klara akapangusa makapi usoni.

"Halafu," Janeth aliendelea, "wewe unasema ni mawe. Mimi nitajuaje? Alhamisi ijayo ikisimama, na mimi nimo humo na ufagio wangu, nitamwambia nani kwamba ni mawe? Wewe uliniogopa wiki hizi zote. Na mimi niiogope saa yako kidogo."

"Kama ni hivyo, Alhamisi nitafagia mimi."

"Fagia, mama."

Habari hiyo nayo haikuvaa viatu. Alhamisi mchana Klara, mtunza saa, mjane wa Paulo, alionekana akikata njia ya katikati ya kijiji na ndoo kichwani na ufagio kwapani, na wanawake wakaacha kutwanga wamtazame. Alinyunyiza maji, akafagia kuanzia madhabahuni, mgongo ukimwuma, akisimama kila baada ya safu tatu za mabenchi kuitazama saa. Jiwe la shaba lilikuwa limekaribia usawa wa sahani. Sasa alikuwa anamshuku Calist. Skrubu zile alizitoa wapi? Alizikaza sawasawa au alikuwa na haraka ya mchuzi wake?

Mlango ukatiwa kivuli. Janeth alikuwa amesimama kizingitini, mikono ameifunga kifuani, na nyuma yake wale wanawake wawili waliokosa kiu msibani. Amewaleta. Hakuna aliyeingia.

"Tumekuja kutazama tu," Janeth alisema.

"Tazameni."

Ufagio ukanyamaza. Jiwe lilishuka, na lilipofika usawa wa sahani likawa nayo bega kwa bega, kama watu wawili wanaopishana kwenye daraja la mti mmoja. Klara alisikia moyo wake ukipiga haraka kuliko saa. Jiwe halikucheza. Tik, tak. Mwanamke mmoja akabadilisha mguu. Tik, tak. Walikaa hivyo mpaka kivuli cha mlango kikasogea kwenye benchi la pili, na pendulamu haikupunguza hata unene wa unyasi.

Janeth akavua kandambili, akaingia. Akalishika sanduku kwa mikono miwili, akalisukuma kama mtu anayejaribu mlango wa jirani. Halikutikisika. Akainama akachungulia chini, akachungulia nyuma, akanusa skrubu za Calist. Klara alimtazama akinusa, na kitu kama kicheko kikampanda, akakimeza.

"Bado siamini," Janeth alisema, akipangusa mikono. "Nitakuja tena Alhamisi ijayo, na hawa nitawaleta."

"Njoo nao," Klara akajibu. "Na mimi bado siamini."

Kisha akashika ufagio, maana nusu ya kanisa ilikuwa bado haijafagiwa, na wale wanawake watatu wakakaa kwenye benchi la nyuma kumtazama anavyofanya.